Malalamiko kuhusu Peugeot 404 mliyoiwasha kabla ya kutayarishwa

Wete, Pemba

Kwa Meneja wa Gereji,
Unguja.

YAH: KUKATAA ANKARA YA INJINI NA KUDAI VIFAA VYANGU

Bwana Meneja,

Assalamu alaikum.

Nimepokea ankara yenu, pamoja na ujumbe kwamba gari haitoki getini mpaka niimalize yote. Sehemu ya injini siilipi. Sababu zake nazieleza kwa urefu, ili siku tukikaa mbele ya mtu wa tatu asitokee mmoja wetu akasema hakuambiwa.

Gari hii ilisimama tangu 2004. Marehemu baba aliipandisha juu ya magogo ndani ya banda la bati, akafungua betri, akaziba bomba la moshi kwa kitambaa, akaiacha hapo kwa nia ya kuirudia. Hakuwahi. Hali ya hewa ya Pemba mnaijua: mvua za masika, joto, na upepo wa bahari wenye chumvi. Sakafu ilioza kwa kutu, panya wakala nyaya, mipira ya breki ikakauka. Hayo yote niliyataja mwenyewe siku niliyokuleteeni gari, na ndiyo niliyokulipeni malipo ya awali muyatengeneze.

Lakini injini haikuwa imekufa. Kabla gari haijapakiwa kwenye meli Mkoani, fundi wetu mmoja mzee hapa Wete alifungua plagi zote nne, akatia oili kidogo katika kila silinda, akaiacha inywe. Siku chache baadaye akachomeka hendeli pale mbele (404 bado ina tundu la hendeli, moja ya raha za gari za zamani) akaizungusha kwa mkono. Ilikwenda mzunguko mzima bila kukwama. Mimi nilikuwepo, na niliizungusha pia.

Kwa hiyo niliyokuleteeni ni injini inayozunguka, na karatasi. Karatasi hiyo mpokeaji wenu aliipiga muhuri na nakala ninayo. Imeandikwa kwamba tanki limwagwe na kusafishwa kwanza, kwa sababu petroli iliyokaa miaka mingi hugeuka utomvu na kuziba jeti za kabureta. Oili ibadilishwe. Rejeta isafishwe na mipira yake yote ya maji iwekwe mipya. Breki zifunguliwe zote, maana mafuta ya breki hunyonya unyevu na silinda za magurudumuni zikaota kutu kwa ndani. Na waya wa feni urudishwe, kwa kuwa panya waliukata. Mwisho wa karatasi, kwa herufi kubwa: GARI ISIWASHWE KABLA YA HAYA KUKAMILIKA.

Huo waya wa feni ndio kiini cha malalamiko yangu, basi niruhusuni niueleze. Feni ya 404 haizunguki na injini muda wote kama ya gari nyingi za zama zake. Ina sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi iliyopo kwenye rejeta hupeleka umeme kwenye sumaku, nayo ikaikamata feni izunguke kwa nguvu. Maji yakipoa, feni huachiwa. Waya ukikatika, puli inazunguka vizuri, mkanda unakwenda vizuri, na mtu asiyeijua gari hii ataona kila kitu kiko sawa, kumbe mapanga ya feni yanasuasua tu na rejeta haipati upepo.

Sasa video. Kijana wenu mmoja, wala simlaumu kwa hili kwa sababu alituma kwa furaha, alinirushia WhatsApp akiandika "mzee, gari yako imeamka!" Ndani ya video hiyo gari yangu inavutwa kwa kamba na Noah, imetiwa gia, mpaka injini ikashika. Kisha inaonekana imesimama, boneti iko wazi, injini inaunguruma, na mvuke unapanda kutoka kwenye mfuniko wa rejeta. Mapanga ya feni yanaonekana wazi. Yanasuasua. Sauti ya mtu nje ya picha inasema "wacha ichemke kidogo, ndiyo ifunguke." Mipira ya maji ni ileile ya zamani yenye nyufa. Gari iliyolala miaka yote hiyo haiamshwi kwa kofi, Bwana Meneja, na hata aliyeiamsha kwa kofi angeizima mara tu alipoona mvuke.

Baada ya video hiyo mkanyamaza, na simu iliyofuata ikasema injini "ilikuwa mbovu tangu zamani." Silinda hedi ya 404 (kifuniko cha juu cha injini) ni ya alumini na bloku (mwili wake) ni ya chuma, vikichemka kupita kiasi havitanuki sawa, hedi hupinda na gasketi huungua. Pistoni nazo hutanuka mpaka zikaikwaruza silivu, yaani mrija wa chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Mafundi wenu wameyakuta hayo yote walipofungua: hedi imepinda, gasketi imeungua, silivu zina mikwaruzo. Yote ni alama za moto. Injini iliyokufa kwa kukaa hukwama kwa kutu na haizunguki kabisa. Hii yangu ilizunguka kwa hendeli Wete na ikaunguruma mbele ya kamera yenu.

Msimamizi wenu alinipa sababu nyengine kwa simu, kwamba injini za zamani hazistahamili petroli ya siku hizi isiyo na madini ya risasi. Ni kweli petroli ya risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia 2006, na ni kweli gari yangu ilisimama kabla ya hapo. Lakini kazi ya risasi ilikuwa kukinga siti za valvu, yaani vikalio ambavyo valvu hufungia, zisilike. Hedi ya alumini haina budi kuwa na siti ngumu zilizopachikwa, na hata kwenye hedi za chuma ulikaji huo huja kwa maelfu ya kilomita, si kwa kuvutwa na Noah mtaani. Wala risasi haina uhusiano wowote na silivu iliyokwaruzwa.

Aliongeza kwamba Peugeot za zamani ni gari dhaifu. Hilo nililijibu papo hapo na nalirudia kwa maandishi. 404 ilishinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na mara mbili kati ya hizo dereva alikuwa Bert Shankland aliyekuwa mkaazi wa hapa hapa Tanzania. Zilipita kwenye tope ambalo gari nyingi za leo hazitii gurudumu. Udhaifu utafuteni kwengine.

Tuje kwenye ankara yenyewe. Kuna mstari wa "silivu na pistoni mpya, seti moja, shilingi 2,400,000." Chini yake kuna "kuchonga silinda nne, shilingi 320,000." Injini hii ina silivu za kuchopoa, zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Uzuri wake ni huo: zikiharibika unazitoa, unapachika mpya pamoja na pistoni zake zilizokwisha kupimanishwa nazo. Aliyefunga silivu mpya amechonga nini? Ama hamkuchonga, ama silivu si mpya. Nilipouliza nioneshwe silivu na pistoni za zamani niliambiwa zimeshauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa ruhusa ya nani?

Na kabureta yangu? Ilikuwa Solex, kitu chake cha asili. Haikuwa na ubovu zaidi ya utomvu wa petroli kuukuu, ambao fundi mwenye subira huutoa kwa kuifungua, kuiroweka na kuipuliza. Nimekuta imefungwa kabureta ya gari nyengine, imeshikiliwa kwa bamba la kuchomelea na gasketi ya kukata kwa mkono. Hilo siyo lililokubaliwa. Neno tuliloandika kwenye makubaliano ni "kurejesha katika hali yake ya asili."

Tairi nazo. Ankara inasema "tairi nne mpya, shilingi 560,000." Nilipofika Unguja kuiona gari niliinama nikasoma ubavuni. Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ni 1411, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2011. Zimepakwa dawa nyeusi ya kung'arisha, lakini ukikunja mpira kidogo kwa kidole gumba nyufa zinafunguka. Hizo ni za mtumba. Mkitaka kuniuzia mtumba niambieni ni mtumba, kwa bei ya mtumba.

Haki niseme pia yaliyo mema. Kazi ya bodi ni nzuri. Sakafu imekatwa na kuchomelewa kwa bati la unene unaofaa, hamkuficha kutu chini ya puti, na rangi imelingana na ile ya zamani kiasi cha kunishangaza. Mwambieni fundi bodi nimemshukuru. Kazi yake nitailipa yote, bila kupunguza hata shilingi, siku nitakayoichukua gari.

Ninachodai ni hiki. Gharama zote za injini zitolewe kwenye ankara, maana uharibifu huo umefanyika mikononi mwenu, kinyume na karatasi mliyoipokea. Kabureta yangu irudi ikiwa safi na ifungwe mahali pake. Waya wa feni utengenezwe, kwani nilipofungua boneti bado ulikuwa unaning'inia! Tairi zibadilishwe kwa mpya za kweli au fedha yake itolewe. Silivu na pistoni za zamani zitafutwe. Kama kweli zimeuzwa, nipewe risiti ya mauzo.

Nakupeni siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitalipeleka jambo hili Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar (ZFCC), pamoja na video, picha za tairi na nakala ya karatasi yenye muhuri wenu.

Fundi wangu wa Wete na mtoto wa dada yangu anayekaa Unguja watafika gerejini Jumatatu asubuhi. Naomba wafunguliwe boneti, na gari isiwashwe tena mpaka fundi wangu awe ameshaukagua waya wa feni.

Wenu,
Mwenye gari,
Wete.

Nakala: Sheha wa shehia ilipo gereji.