Kilo mbili si jambo la makubaliano

Mhariri,

Ninasoma gazeti lenu kwa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Hata hivyo, habari yenu ya Jumatatu, kwamba bondia mmoja alizidi kilo mbili kwenye mizani na pambano likaendelea kwa "makubaliano ya pande zote", sikuweza kuinyamazia. Waliokubaliana ni mapromota na makocha, lakini anayepigwa ni mtu mmoja.

Mtoto wa kaka yangu, bondia niliyemlea hapa Makorora, ana kilo 64. Kwa ajili ya pambano alitakiwa ashuke hadi kilo 61.2, naye kwa utii wa vijana wanaotafuta riziki alikaa siku mbili bila maji, akikimbia Raskazone jua la saa nane huku amejifunga nailoni chini ya fulana, usiku akitema mate kwenye kikopo ili apungue hata gramu chache. Alifikia uzito. Mpinzani wake alizidi, na kwa kuwa tiketi zilikwisha kuuzwa, tukaambiwa tusiharibu shughuli! Raundi ya nne miguu ilimwisha bila ngumi yoyote ya maana, na kwa siku tatu mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya majuma matano kwa kujikausha namna hiyo hiyo, na huko kanuni zikabadilishwa. Sisi tunasubiri maiti ya nani?

Nanyi waandishi mnachangia, kwa sababu kila bondia asiye mnene mnamwita wa "uzito wa kati". Hassan Mwakinyo wa hapa Tanga alipomshinda Sam Eggington mjini Birmingham mwaka 2018, walipigana uzito wa super welter, ambao kikomo chake ni kilo 69.85, ilhali kikomo cha uzito wa kati ni kilo 72.57. Tofauti hiyo ni karibu sawa na kilo alizojikausha kijana wangu.

Katika mapambano ya ubingwa wa IBF, shirikisho la ngumi la kimataifa, bondia hupimwa tena asubuhi ya pambano, na haruhusiwi kuzidi kikomo kwa zaidi ya pauni 10, yaani kama kilo nne na nusu. Nasi tufanye hivyo, kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, mbele ya watu. Atakayezidi asipande ulingoni, na mwenzake aliyefikia uzito alipwe fedha zake zote siku hiyo hiyo.

Msomaji wenu,
Makorora, Tanga