Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Mafinga

Kamwene, ndugu na jamaa mlioko Dar, Dodoma, Mbeya na kokote mlikosambaa. Wazee wangu, shikamooni. Huku mvua imeshika, mahindi yanadai mbolea, na baridi ya asubuhi haijali kwamba ni Desemba, ingawa wageni wa mjini bado wanashuka basi na fulana. Kila jioni magari yaliyopandisha mlima Kitonga yanamwaga watu, mabegi na watoto wenye usingizi. Karibuni. Viazi vipo, mchele wa Kyela upo, na wenye mbuzi wameshaanza kupandisha bei kama kawaida yao.

Kila Krismasi, nikiona watu kanisani wanafungua vitabu vya nyimbo vilivyochakaa pembe, huwa nawaza vimetoka wapi. Katika nyumba nyingi za huku juu, kitabu cha kwanza kuingia ndani kilitoka kwenye mtambo wa misheni. Wabenediktini walichapa Peramiho na Ndanda. Tabora kulikuwa na Tanganyika Mission Press ya Wakatoliki, Walutheri walikuwa na Vuga kule Lushoto, Waanglikana wakawa na Central Tanganyika Press Dodoma. Historia ya uchapishaji nchini huwa inasimuliwa kuanzia Dar es Salaam, na mimi sikubaliani nayo. Hii mitambo ya mikoani ilikuwa na kitu ambacho wachapishaji wa mjini wanakililia mpaka leo, yaani njia ya kumfikia msomaji. Kila parokia ilikuwa duka.

Serikali nayo iliingia mwaka 1966 kwa kuanzisha Tanzania Publishing House (TPH), kampuni ya Macmillan ikiwa mbia. Walter Bgoya akakabidhiwa usukani mwaka 1972, na mwaka huohuo TPH ikashiriki na wachapishaji wadogo wa London kukitoa kitabu cha mwanahistoria Walter Rodney kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kampuni ya umma, changa vile, ikatoa kitabu kilichosomwa dunia nzima! Kisomo cha watu wazima nacho kikazalisha wasomaji kwa mamilioni. Halafu miaka ya 1980 fedha za kigeni zikakauka, na karatasi ikawa adimu.

Hapo sisi wa Mufindi, wilaya yetu hii ya Mafinga, tunaingia kwenye hadithi. Misonobari ya msitu wa Sao Hill ilikuwa imeshakua, na kiwanda kikajengwa Mgololo ili nchi ijitengenezee karatasi yake yenyewe. Leo kiwanda kile, kikiwa mikononi mwa watu binafsi, kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu za mifuko na maboksi, na vitabu vyetu vingi vinachapwa nje, India ikiwemo. Msitu tunao mlangoni, kitabu kinakuja kwa meli. Kila nikipita na kuona malori ya magogo, jambo hili linaniuma.

Mwaka 1991 mambo yalifunguka. Serikali ilikubali wachapishaji binafsi waingie kwenye vitabu vya shule, Bgoya akaanzisha Mkuki na Nyota, na Mradi wa Vitabu vya Watoto ukaanza mwaka huohuo. Elieshi Lema na Demere Kitunga walikuwa tayari na kampuni yao, E&D. Hesabu ilikuwa rahisi: kitabu cha darasani kinalipa, faida yake inabeba riwaya, mashairi na hadithi za watoto. Muongo uliopita vitabu vya kiada vikarudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na mguu huo ukakatika. Sasa mchapishaji mdogo anamlipa mwenye mtambo kwanza, kisha anapeleka nakala dukani kwa mali kauli na kusubiri simu. Ukiuliza kwa nini riwaya haifiki Makambako au Tukuyu, jibu liko hapo.

Na sisi wanunuzi tuna Januari yetu. Tunashika orodha ya shule, daftari, sare, viatu, na kitabu ambacho mwalimu hakukiagiza hakimo kwenye bajeti. Tumezoea kununua kitabu tukilazimishwa na shule au kanisa. Desemba, mwezi wa kununua vitu kwa kupenda tu, pesa inaishia kwenye nguo na kreti za soda. (Soda nazipenda, msinielewe vibaya.)

Kwa hiyo nina ombi. Anayesafiri kutoka Dar apite duka la vitabu la TPH, barabara ya Samora, aniletee *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Wajukuu nao waletewe hadithi za Kiswahili zenye picha, kila mmoja kitabu chake, maana cha kushirikiana kitaleta vita. Pesa nitarudisha, au tukatane kwenye hesabu ya mbuzi.

Heri ya Krismasi, na Mwaka Mpya wenye mvua za kutosha. Madereva, Kitonga msikimbizane.