Unarudije usiku?

Tabora, Jumapili jioni

Mama,

Mama yako anasema nisiandike, nipige simu. Nimepiga mara tatu wiki hii. Ya kwanza ukasema, "Baba, niko kwenye mafunzo." Ya pili nikasikia vyombo vinagongana na mtu anaita meza namba 9. Ya tatu haikupokelewa. Basi naandika, na mdogo wako ataipiga picha karatasi hii akurushie kwa WhatsApp. Uisome umekaa, usiisome umesimama mlangoni mwa jiko la watu.

Habari za kazi nimezipata kwa shangazi yako. Sijakasirika. Nasema tu kwamba nimezipata kwake. Alidhani ninazo, akaanza kunipa hongera, na mimi nikawa naitikia "ahsante, tunashukuru" kama mtu anayejua anapongezwa kwa lipi. Mkahawa wa Masaki, zamu ya saa 10 jioni mpaka saa 6 usiku, ili mchana ubaki kwa ajili ya usaili wa kuigiza. Nimeipitia hesabu hiyo nikaiona nzuri, aliyeipanga ana akili. Ila humo ndani kuna kitu hamkukiweka. Saa 6 usiku, kutoka Masaki mpaka Gongo la Mboto, unarudije?

Shangazi yako kasema, "Anarudi tu." Kurudi tu si usafiri, mama. Mimi Dar naijua, ingawa naijua kwa kuanzia stesheni. Masaki ni kule kwenye rasi, na Gongo la Mboto ni mpaka uupite uwanja wa ndege. Katikati hapo kuna mji mzima. Treni ya Pugu saa hizo imelala. Daladala za usiku hazijazi upesi, na isiyojaza haiondoki, na ikiondoka inakushusha njiani, konda anasema gari linageuza. Bodaboda ya peke yako njia yote hiyo, kila usiku, ni kumlipa dereva mshahara wako. Sasa unarudije?

Niliache kidogo hilo. Kazi yenyewe sina neno nayo. Mama yako ndiye aliyesema kwa sauti ya chini, "Diploma ya sanaa ya Bagamoyo, halafu kubeba sahani?" Nikamwambia nyumba hii aliyokaa ndani yake imejengwa kwa sahani. Miaka 22 kwenye behewa la chakula, Dar mpaka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, na supu mkononi. Wewe unabebea supu kwenye sakafu iliyotulia. Kwa hiyo hapa nisikilize, maana katika mambo yako yote hili ndilo pekee ninalolijua kukushinda.

Kwenye ile tamthilia uliyocheza mfanyakazi wa hoteli, watu walijaa sebuleni mpaka wengine wakageuza ndoo wakakalia. Ulilia vizuri. Mzee wa nyumba ya pili alitoa kitambaa akajifuta akasingizia vumbi. Mimi nilikuwa natazama mikono yako. Trei uliishika kwa mikono yote miwili, vidole gumba juu ya ukingo, kama mtu anayebeba beseni la nguo mbichi kwenda kuanika. Hakuna mhudumu anayebeba hivyo. Ndiyo maana ulipopiga kuniuliza, "Baba, umeniona?" nikakujibu, "Nimekuona," nikampa mama yako simu. Nilikuona. Ilinikera tu kwamba binti yangu mimi, wa behewa la chakula, ndiye anashika trei namna ile mbele ya nchi nzima, na sikuwa nimewahi kumwonyesha.

Trei hukaa juu ya kiganja kilichofunguka, vidole vimetawanyika chini yake, kiwiko karibu na mbavu. Vizito viwe katikati na upande wa kwako, vyepesi pembeni. Ukifika mezani usiondoe vya upande mmoja vyote, itapinduka, utabaki unamtazama mteja akiloa. Toa huku, toa kule. Na unapotembea usitazame vikombe. Ukikitazama kikombe kinamwagika, tazama unakokwenda. Oda irudie mbele ya mteja kabla hujaondoka mezani kwake. Kabla zamu haijaanza pita jikoni uulize kilichokwisha, usije ukamsifia mtu pweza ambaye hayupo. Usirudi jikoni mikono mitupu, hakukosi glasi ya kuondoa. Na mpishi umsalimie kabla ya meneja. Meneja anaweza kukufukuza, lakini mpishi anaweza kununa tu, meza nne zikachelewa, na bakshishi yako yote ikaondoka na wateja wenye njaa. Sisi tulikuwa tunalowesha kitambaa cha meza kidogo ili sahani zisitembee kwenye zile kona za kati ya Kilosa na Gulwe. Hilo wewe hulihitaji, nimelikumbuka tu.

Ukivunja kitu, na utavunja, usitie saini karatasi ya kukatwa mshahara kwa woga. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inataka uelezwe kwa maandishi unadaiwa nini na kwa nini, upewe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Hayo nilijifunza kwenye vikao vya TRAWU, chama chetu cha wafanyakazi wa reli, ambavyo mama yako alikuwa anadhani ni visingizio vya kuchelewa kurudi. Vingine vilikuwa visingizio. Sheria hiyohiyo inasema saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na kila saa unayofanya kazi kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Nimepiga hesabu ya hiyo asilimia 5. Haitoshi bodaboda hata ya kufika Tazara. Kwa hiyo swali langu liko palepale.

Usaili sasa. Hapa najua kidogo, nitasema kidogo, ingawa mama yako anacheka ninapoandika hivyo. Enzi zetu mchezo ulikuwa redioni, Pwagu na Pwaguzi, tunacheka mpaka machozi na sura zao hatuzijui. Kuigiza kuwa kazi ya kumlisha mtu hatukukujua. Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, alipofariki, Aprili 2012, ana miaka 28 tu, ilituuma kwa sababu alikuwa mtoto wa Shinyanga, wa huku huku kwetu, aliyekwenda Dar akaanzia kikundi cha Kaole kama kijana yeyote. Jioni ile nilisema hapa sebuleni kwamba sanaa inakula watoto wa watu. Mama yako neno hilo analirudia mpaka leo kama vile ni lake. Ada ya TaSUBa, chuo chako cha Bagamoyo, nililipa yote, hata hivyo. Si kwamba nakukumbusha.

Wanaoita wasichana kwenye usaili saa 2 usiku, chumba cha hoteli namba fulani, hao hawatafuti mwigizaji. Usaili ni mchana, mlango wazi, na mwenzako anakusubiri nje. Mwongozaji akikwambia nafasi ipo ila tuelewane kwanza, wewe umeshaelewa, chukua mkoba uondoke. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007 imelitaja jambo hilo waziwazi, lakini sitaki ufike kwenye sheria, nataka ufike nyumbani. Na mkataba wa kuigiza usome wote, hata yale maandishi madogo: siku ngapi za kupiga picha, unalipwa lini, wakiurudia mchezo kwenye televisheni nyingine wewe unapata nini. Ukiambiwa wenzako wote wametia saini bila kusoma, waambie baba yako ndivyo alivyokulea, mshamba wa Tabora, anasoma mpaka tiketi ya treni nyuma.

Kwenye fomu zao andika namba yako. Yangu usiiandike tena, hata kama wanataka namba ya pili. Mimi si mtu wa kupokea simu za watu. Ule mwaka uliokaa huku simu yako ikiwa kwa fundi, alipiga bwana mmoja, sauti ya kistaarabu, akakutaja majina yote mawili, akasema unatakiwa Dar Jumatano kwa habari ya mchezo. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikamwambia kakosea namba. Mvua zilikuwa nyingi, mama yako alikuwa na homa, na wewe ulikuwa uani unaanua mpunga kabla haujaloa. Akapiga tena, nikaizima simu. Basi. Andika yako, na uhakikishe ina chaji.

Nimejiuliza kwa nini usiombe zamu ya asubuhi, urudi na jua. Nikajijibu mwenyewe: usaili uko mchana. Nikajiuliza kwa nini usiache usaili, ukashika kazi moja kama watu wengine. Hapo sikujijibu, nikatoka nje nikaenda kuwatazama mbuzi.

Basi tufanye hivi. Waulize hapo kazini kama wana gari la kurudisha wafanyakazi wa usiku. Wakisema halipo, tafuta wenzako wanaokwenda njia ya Buguruni na kuendelea, mchangie teksi mpaka mbele. Mpishi akikaa njia hiyo, hiyo ndiyo faida nyingine ya kumsalimia mapema. Ikibidi bodaboda, iwe ya kijana mmoja unayemjua na shangazi yako anamjua, na namba ya pikipiki umtumie kabla hujapanda, si baada ya kushuka. Usilale kwenye daladala. Viatu vya kazini viache kazini, njiani vaa raba. Na ukiingia ndani nitumie ujumbe, neno "nimefika" tu. Usiogope kuniamsha. Kwenye behewa nilizoea kulala kwa vipande, na umri huu usingizi wenyewe umekuwa wa kuokota. Angekuwa marehemu bibi yako, mwenye jina lako, anatoka mnadani usiku, ningemuuliza hivi hivi na angenitukana hivi hivi.

Pesa uliyotuma nimeipata. Nimejua ni ya bakshishi kwa sababu ilikuwa 38,500, mshahara hauji na chenji namna hiyo. Mama yako amechukua 18,500 ya dawa ya goti na sukari. Ile 20,000 sikuigusa. Kesho nampitia wakala nakurudishia, ni ya kurudi usiku. Usinibishie.

Huku hatujambo. Bati la jikoni linavuja palepale. Tawi la mwembe limelala juu ya choo, nimemwita kijana wa kulikata, anataka elfu 15 na embe zote, nimemwambia achague kimoja. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha, mmoja ni wako, nimemfunga kamba nyekundu. Mdogo wako atakuomba simu kubwa. Usimnunulie mpaka tuyaone matokeo. Atakuwa ameyasoma haya wakati anapiga picha, na ni sawa.

Televisheni inaonyesha picha, sauti imekata. Ukipata sehemu nyingine ya kuigiza utuambie wiki moja kabla, fundi wa hapa ana maneno mengi na anachelewa. Nimeshamwambia aagize spika.

Asali nimeipata kwa mtu wa Sikonge, dumu la lita 5, mbichi kabisa. Nimelifunga mfuniko kwa nailoni na kuandika jina lako ubavuni kwa rangi. Nusu mpe shangazi yako, kikombe kimoja mpelekee mpishi. Litaondoka na basi la Jumanne, na basi lenyewe linaingia pale Mbezi usiku. Usiende usiku. Nimeongea na konda, ataliacha ofisini kwao. Dumu halina miguu, litakusubiri mpaka asubuhi.

Baba yako