Wafundishe wote, hata mpishi

Kwako Zuhura rafiki yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba kituo chako cha kulelea watoto kimejaa. Umeniuliza kama inatosha kumpeleka mwalimu mmoja kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto, kisha cheti chake kitundikwe ukutani mkaguzi akione. Nakujibu bila kuzunguka: haitoshi.

Mtoto hachagui apaliwe mbele ya nani. Siku hiyo mwenye cheti yuko likizo, au yuko getini anazungumza na mzazi, na aliye karibu na mtoto ni mpishi, dereva, au yule dada anayewaangalia wakilala mchana. Ubongo ukikosa hewa huanza kudhurika ndani ya dakika chache tu. Huo si muda wa kukimbia darasa hadi darasa kumtafuta mtu. Kama fedha ni kidogo, bora kozi fupi kwa wafanyakazi wote kuliko kozi ndefu kwa mmoja, halafu huyo mmoja umwongezee baadaye.

Kabla hujamlipa mkufunzi, muulize kama ana wanasesere wa mazoezi wa umri tofauti, mchanga na mkubwa. Akikuambia ana picha nzuri za kuonyesha, mshukuru na utafute mwingine. Haya ni mambo ya mikono. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyepaliwa unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, ukampiga mara 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kilichomkwama kisipotoka, unamgeuza na kumbonyeza kifuani mara 5. Tumboni humgusi. Aliyevuka mwaka unampiga mgongoni vilevile, kisha unasimama au kupiga magoti nyuma yake na kumbana tumbo juu ya kitovu, chini ya chembe cha moyo, ukivuta ndani na juu. Kusoma hivi ni rahisi. Mpe mtu mwanasesere uone anavyohangaika kutafuta pa kuweka mkono.

Na kabla ya hayo yote, wafundishwe kumtambua mtoto aliye hatarini. Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe, umhimize aendelee. Yule aliyenyamaza ghafla, mdomo wazi na sauti haitoki, ndiye wa kukimbilia.

(Kuhusu hao wanasesere, wajua kwamba yule maarufu wa mazoezi, wa mwaka 1960, alitengenezwa na mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto? Ni Asmund Laerdal wa Norwe, ambaye mwanawe mwenyewe aliwahi kuponea chupuchupu kufa maji.)

Jambo jingine: usikubali kupewa kozi ya watu wazima iliyobadilishwa jina. Mtu mzima akianguka, mara nyingi moyo wenyewe ndio umeleta matata. Kwa mtoto kawaida huanza pumzi, kwa kupaliwa, kuzama au ugonjwa wa kifua, kisha moyo ukafuata. Ndiyo maana kwa mtoto kumpulizia pumzi hakuachwi, na mkufunzi anayesema kukandamiza kifua pekee kunatosha hajaandaa somo la watoto. Kifua nacho kibonyezwe kweli, theluthi moja ya kina chake, yaani kama sentimita 4 kwa mchanga na 5 kwa mtoto aliyevuka mwaka, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Walezi wengi wanaogopa kumvunja mtoto, wanabonyeza kama wanapapasa. Woga huo hautoki kwa maelezo, unatoka kwa kurudia.

Halafu kuna kazi ya kuwasahaulisha watu waliyoyazoea. Hapa ndipo utakapoona mabishano, na uyaache yaendelee, maana anayenyamaza darasani atarudi kufanya yaleyale. Aliyeungua anapakwa dawa ya meno au siagi, wakati anachohitaji ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi lakini si barafu, kwa dakika 20 nzima. Dakika 20 ni ndefu mno mtoto akilia, kwa hiyo waambie mapema wasikate tamaa kwenye ya tatu. Anayetoka damu puani anainamishwa mbele, anabanwa sehemu laini ya pua kwa dakika 10. Kumwinua kichwa kunamfanya aimeze damu. Mwenye degedege la homa hatiwi kijiko mdomoni wala hashikwi kwa nguvu. Ondoa vitu vya kumuumiza, tazama saa, na mtikisiko ukikoma mlaze ubavu. Mtikisiko ukipita dakika 5, piga simu ya dharura. Aliyekunywa sabuni au dawa hatapishwi. Chukua chupa yake mwende nayo kwa daktari.

Mengine hayahitaji mkufunzi. Zabibu zikatwe kwa urefu, vipande vinne. Betri ndogo za mviringo zisionekane kabisa, kwani ikikwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa mbili. Orodha ya watoto wenye mzio iwe jikoni pia, si ofisini peke yake.

Hata hivyo, mkononi ujuzi huu hufifia baada ya miezi michache, hata kama cheti bado hai. Usingoje kukirudia. Kwenye kikao chenu cha kila mwezi, mtoe mwanasesere kabla ya ajenda na umwite mtu yeyote bila kumtaarifu. Anza na wewe mwenyewe, mkurugenzi, ili mpishi asione haya.

Ukishapata mkufunzi, niandikie atakachokuambia kuhusu idadi ya watu kwa kila mwanasesere. Wakizidi wanne au watano, dai mwanasesere wa pili.

Wasalimie watoto na mama.

Wako,
Mwanaidi