Breki kufeli ni jambo moja, gari kuchomoka ni jingine

Mhariri,

Gari likipanda kibaraza cha duka au likibomoa ukuta wa kituo cha mafuta, habari ya siku ya pili huwa ni ile ile: "breki zilifeli." Kwa lori lililokuwa likishuka mlima, maelezo hayo yanaweza kuwa kweli kabisa. Kwa gari dogo lililokuwa limesimama mahali tambarare, likachomoka ghafla huku injini ikinguruma, hayaelezi chochote. Breki mbovu hulinyima gari kusimama, haziliongezei mwendo. Ili gari likimbie kwenye tambarare lazima injini iwe imepewa mafuta, na hapo ndipo swali lilipo: yametoka wapi?

Majibu yanahesabika. Ni mguu wa dereva, ni kitu kilichoikaba pedeli, ni waya au kipepeo cha hewa (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa ya injini) kilichonata, ni umeme, au, kwa injini ya dizeli, ni oili yake yenyewe.

Mguu ndio unaoongoza, na ndio usiokubalika kirahisi. Wamarekani walilipitia hili miaka ya 1980 kwa Audi 5000, gari lililosemwa nchi nzima kuwa linaondoka lenyewe. Uchunguzi wa serikali yao uliotoka 1989 ulionyesha kuwa kwa sehemu kubwa madereva walikanyaga mafuta wakiamini wanakanyaga breki. Dawa iliyotokana na mkasa ule tunayo leo karibu kwenye kila gari la otomatiki: gia haitoki P, ile ya kuegesha, mpaka ukanyage breki. Mwaka 2010 wakapekua kumbukumbu za kompyuta za Toyota 58 zilizopata ajali na madereva wake kudai zilichomoka. Katika 35 kati ya hizo, breki haikuwa imeguswa kabisa.

Hao si waongo. Mtu anaporudi nyuma hugeuza kiwiliwili chote, kisigino kinahama bila yeye kuhisi, na mguu ukishuka unakuta pedeli nyingine. Gari linaruka, anashtuka, anakandamiza zaidi ile ile anayoamini ni breki. Kadiri anavyokandamiza ndivyo gari linavyokimbia, naye atakuapia kuwa breki haikushika. Walio hatarini zaidi ni waliozoea klachi kisha wakapewa otomatiki, wanaoendesha na kandambili, na vijana wa kuosha magari wanaosogeza gari la mteja hatua tatu tu huku mguu mmoja uko nje.

Sasa kapeti. Hapa ndipo tunapodharau kuliko kote. Agosti 28, 2009, karibu na San Diego, Marekani, Lexus ES 350 ya kuazimwa, gari la kampuni ya Toyota, ilikimbia hadi ikaua watu wanne waliokuwemo. Kapeti ya mpira iliyokuwa chini ya miguu ya dereva ilikuwa ya modeli nyingine, na iliikaba pedeli ikiwa chini kabisa. Siku chache kabla, mteja mwingine aliyeazimwa gari hilo hilo alikuwa ameripoti kuwa kapeti inakamata pedeli. Baada ya hapo Toyota iliita mamilioni ya magari yarudi kurekebishwa, na sehemu ya matengenezo ilikuwa kufupisha pedeli ya mafuta ili isifike kwenye ukingo wa kapeti. Januari 2010 yakaitwa mengine milioni 2.3 kwa sababu pedeli yenyewe ilikuwa ikinata na kurudi polepole. Humo ndani kulitiwa kibati chembamba cha chuma.

Ukaguzi wake ni dakika moja. Zima injini, kanyaga pedeli ya mafuta mpaka mwisho, iachie. Isiguse kapeti popote, na irudi kwa kishindo, isirudi kwa kujivuta. Sakafu ya magari mengi yanayotoka Japani ina kulabu mbili upande wa dereva za kushika kapeti. Zikivunjika watu huziacha, kapeti inapanda mbele sentimita moja leo na nyingine kesho. Kutandika kapeti ya mpira juu ya ile ya kitambaa ili kitambaa kisichafuke ni kujitegea mtego. Na chupa ya maji isikae chini ya kiti cha dereva, kwa kuwa ukifunga breki hubingirika mbele, na ikiingia nyuma ya pedeli ya breki haitakuruhusu kuikanyaga.

Kwenye magari ya zamani yanayotumia waya wa mafuta, tazama mahali waya unapoingia kwenye ala yake. Nyuzi mbili tatu zikikatika, zinakwama mlangoni na kuzuia waya usirudi. Mafundi wengine hupaka grisi nzito, vumbi likaja kuifanya kama udongo. Kwenye throto, yaani mahali kipepeo kinapokaa, masizi yaliyojijenga pembeni ya kipepeo hukifanya kinate kinapofunga. Dereva anakanyaga kidogo, hakiachii, anaongeza, kinaachia kwa mpigo na gari linaruka. Safisha kwa dawa ya kusafishia throto na kitambaa laini. Kama throto ni ya umeme, usikisukume kipepeo kwa kidole wakati swichi iko "on", na usishangae sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) ikiwa juu baada ya kuisafisha, kwani kompyuta bado inatumia vipimo vya wakati wa masizi mpaka ijifunze upya. Katika hali hiyo gari likitiwa D, gia ya kwenda mbele, hujivuta mbele kuliko kawaida, kwa hiyo mwenye gari aambiwe kabla hajaondoka gereji.

Kuhusu umeme kuna pande mbili na zote zisemwe. Pedeli ya kisasa haivuti waya. Ina sensa mbili zinazotuma volti tofauti, na kompyuta ikiona hazikubaliani huwasha taa ya injini na kubana nguvu ya gari. Ukipima kwa mashine, P2138 ndiyo namba ya hitilafu ya ugomvi huo. Wataalamu wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliombwa kuichunguza mifumo ya Toyota, na ripoti iliyotoka Februari 2011 ilisema hawakupata hitilafu ya kielektroniki inayoweza kueleza matukio makubwa. Hata hivyo, Oktoba 2013 wazee wa mahakama huko Oklahoma, baada ya kusikia ushahidi wa mtaalamu aliyeipitia programu ya Camry ya 2005, waliamua kampuni inawajibika kwa ajali ya gari hilo. Na Machi 2014 Toyota ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kwa kupotosha umma, lakini kesi hiyo ilihusu kapeti na pedeli zinazonata, si kompyuta. Anayesema umeme hauwezi kukosea anazidisha, na anayeanza kulaumu kompyuta kabla hajainua kapeti naye anazidisha.

Dizeli ina balaa lake. Sili za turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini, zikichoka, oili huvuja na kuingia njia ya hewa, injini ikaanza kuichoma kama mafuta. Utazima swichi, nayo itaendelea kupanda resi na kutoa moshi mweupe au wa bluu kama wingu. Kwa gari la manyuali kanyaga breki mpaka mwisho, tia gia kubwa, ya nne au ya tano, kisha achia klachi izimike. Ikishindikana, ziba mdomo wa hewa kwa ubao, si kwa kiganja, maana uvutaji wake unaweza kuumiza vibaya. Ukiona imeshafika mbali, ondoa watu pembeni. Injini inaweza kupasuka.

Gari likichomoka nawe ndani, cha kwanza kabisa nyanyua mguu wa kulia juu ya kila kitu, ukanyage upya. Kama kosa lilikuwa mguu, limekwisha hapo. Kama linaendelea kuvuta, kanyaga breki kwa nguvu zote mara moja na usiachie. Nasisitiza usiachie kwa sababu wengi tumefundishwa kupampu, yaani kukanyaga na kuachia mara kwa mara. Kupampu ni kwa breki inayovujisha mafuta. Injini ya petroli inapokuwa na kipepeo wazi haina mvuto wa kuisaidia busta ya breki, kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako, na busta ina akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Ukipampu mara tatu, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Ukikanyaga mara moja, breki nzima hushinda injini: jarida la Car and Driver lilijaribu Camry ya V6 ikiwa kwenye kilomita 113 kwa saa na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, ikasimama ndani ya mita 58 hivi, mita 5 tu zaidi ya kawaida.

Mguu ukiwa bado kwenye breki, sukuma gia N, yaani gia huru. Kwa manyuali kanyaga klachi. Injini italia sana, iache ilie, injini si ghali kuliko mtu. Kuzima kuje baada ya gari kusimama. Ukilazimika kuzima likiwa kwenye mwendo, rudisha ufunguo hatua moja tu, hadi ACC. Ukiufikisha LOCK usukani unaweza kujifunga. Toyota nyingi za kitufe huzimika ukikibonyeza mfululizo kwa sekunde 3, na kukigusa mara moja tu kwenye mwendo hakufanyi kitu. Breki ya mkono kwa kawaida hushika matairi ya nyuma pekee, usiitegemee.

Ombi letu kwa waandishi wenu wanaofika eneo la ajali ni maswali manne: mahali ni tambarare au mteremko, gia ilikutwa wapi, kapeti ilikuwa wapi, na taa za breki ziliwaka? La mwisho halihitaji shahidi. Kama taa ni za balbu za kawaida, ifunguliwe balbu ya breki kabla gari halijavutwa kwenda yadi. Uzi uliokuwa unawaka wakati wa kishindo huwa umevutika na kupinda, kwa kuwa ulikuwa wa moto na laini. Uliokuwa umezimwa hubaki na umbo lake, au hukatika mkavu. Magari mengi yenye eyabegi huhifadhi pia kwenye kompyuta yake sekunde 5 za mwisho, pamoja na mafuta yalivyokanyagwa na kama breki iliguswa, lakini hiyo inahitaji mashine maalumu. Balbu inahitaji bisibisi.

Mafundi wa magari,
Dar es Salaam