Siku ya Utamaduni Haitoshi Vyuoni

Mhariri,

Vyuo vikuu vyetu vingi huandaa siku ya utamaduni, ambapo wanafunzi kutoka Kenya, Uganda, Burundi na Kongo huvaa mavazi ya kwao, hupika vyakula vyao na kupiga picha pamoja na wenyeji. Nikiwa mhadhiri wa darasa lenye mchanganyiko huo, nazipenda sherehe hizo, lakini naona zimewaaminisha wanafunzi kwamba kuzielewa tamaduni nyingine ni kujua wenzao wanakula nini na wanacheza ngoma gani.

Ugumu wenyewe hujitokeza katika kazi za vikundi. Mwanafunzi kutoka Nairobi hufika kikaoni na kuingia moja kwa moja kwenye ajenda, na Mtanzania aliyezoea kujuliana hali kwanza humwona hana adabu. Mtanzania naye, asipokubaliana na pendekezo, mara nyingi hunyamaza kwa heshima. Mkenya huchukulia ukimya huo kuwa ni ridhaa, kisha hushangaa siku ya kuwasilisha inapofika na sehemu ya mwenzake haijaandikwa. Hapo huanza lawama za uvivu na za kiburi, ilhali swali moja lingemaliza yote.

Mwanasaikolojia Gordon Allport wa Marekani alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana kwa watu wa makundi tofauti hupunguza chuki iwapo wana hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano wa kweli na uungaji mkono wa mamlaka. Kukaa bweni moja pekee hakutimizi masharti hayo. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichokuwa cha pamoja kwa Kenya, Uganda na Tanzania na kudumu kuanzia 1963 hadi 1970, kilikuwa na faida ambayo tumeipoteza: Mganda aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, na Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, hivyo vijana wa kila nchi walionja ugeni.

Nawaomba wahadhiri wenzangu tupange vikundi wenyewe badala ya kuwaacha wanafunzi wachaguane kwa asili zao, na tutenge alama kwa maelezo mafupi ya kila mmoja kuhusu namna kikundi chake kilivyomaliza kutoelewana. Mafunzo ya utangulizi wanayopewa wageni wiki ya kwanza yawahusu pia wenyeji, ambao hadi sasa hudhaniwa hawana la kujifunza.

Mhadhiri,
Dar es Salaam