Shukrani za Familia ya Mzee Wetu, Fundi Mitambo wa Liemba, Ujiji, Kigoma

Familia ya marehemu mzee wetu, fundi mitambo mstaafu wa MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, inawashukuru kwa dhati wote mliotushika mkono tangu msiba ulipotufika hadi mazishi. Masheikh na waumini, majirani wa Gungu na Mwanga, vijana waliochimba kaburi, akina mama waliokesha jikoni, na wavuvi wa Kibirizi walioleta migebuka ya matanga bila kuombwa: Mungu awalipe. Ndugu wa Kasulu na Uvinza, asanteni kwa safari na rambirambi.

Wengi mliulizia ile habari ya rubani Mbelgiji, Aimé Behaeghe. Tunaiweka hapa kama mzee alivyoieleza, kwani ilimuuma mzee kusikia watu wakisema bomu la rubani huyo ndilo lililoizamisha Liemba katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Behaeghe, mzaliwa wa 1890, aliletwa ziwani 1916 pamoja na ndege nne za majini aina ya Short 827, zilizotolewa na jeshi la maji la Uingereza. Zilivuka Kongo zikiwa vipande. Kituo chao kilikuwa Mtoa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Kila moja ilichukua watu wawili na injini ya Sunbeam ya nguvu za farasi 150, ikatua majini kwa maboya. Ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na ya joto, injini hupungua nguvu na mabawa hubeba kidogo. Maji yakitulia kabisa hung'ang'ania maboya, ndege ikachelewa kuinuka. Mawimbi yakichafuka huyavunja. Kuruka hapo na mabomu kulitaka moyo na ufundi, na mzee hakuacha kumpa sifa hiyo.

Mwezi Juni Behaeghe alishambulia Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ambayo ndiyo Liemba yetu, hapa Kigoma. Walioizamisha, hata hivyo, ni Wajerumani wenyewe, 26 Julai, isiangukie mikononi mwa adui. Kwanza mafundi wao walizipaka injini grisi nene, maji yasigusane na chuma. Meli iliibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, na injini zilezile za mvuke zikafanya kazi hadi miaka ya 1970 zilipowekwa za dizeli. Behaeghe hakuyaona hayo. Maradhi yalimchukua huko Niemba, Kongo, Desemba 1916.

Hitma ya arobaini itasomwa nyumbani Ujiji baada ya sala ya alasiri. Anayemdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, awaone watoto wake kabla ya siku hiyo.

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.